Ukoko wa Maziwa na Hesabu ya Moto

Maziwa yakishika chini ya sufuria, hukumu hutolewa upesi: mpishi hakukoroga, sufuria haikuoshwa sawasawa, au chuma chenyewe ni hafifu. Kila moja ya hukumu hizo ina chembe ya ukweli, ila zote tatu zinakwepa chanzo. Ukoko wa maziwa huzaliwa kwanza na pengo kati ya joto la chuma na joto la maziwa yanayoguswa na chuma hicho, na pili na yale yaliyozipata protini za maziwa kabla hazijafika jikoni. Aina ya sufuria, nguvu ya kusugua na wepesi wa mkono huja baada ya hayo mawili. Mpangilio huo una maana kubwa Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema nchini Kongo, kwa sababu anayekosea chanzo hununua dawa isiyotibu: hununua sufuria ya gharama, sabuni kali na steelwool, na kesho yake ukoko uko palepale.

Kusini mwa Maniema si nchi ya maziwa, na sababu inajulikana. Kasongo na Kabambare zimo katika ukanda wa mbung'o, na ugonjwa wa malale umeandama watu wa maeneo hayo kwa vizazi, wakati ndugu yake, nagana, huwadhoofisha na kuwaua ng'ombe. Mifugo iliyozoeleka vijijini ni mbuzi, kondoo, nguruwe na kuku, na mbuzi hao hufugwa kwa nyama, wala hawakamuliwi kwa kawaida. Kwa hiyo maziwa mengi yanayoonekana sokoni ni ya unga, yamefika kwa barabara ndefu na mbovu, na bei yake imebeba kila kilomita ya safari. Mengine huingia kupitia vitengo vya lishe tiba vya hospitali, vile vinavyoitwa UNTI kwa kifupi chake cha Kifaransa, ambako watoto wenye utapiamlo mkali hupewa maziwa maalumu ya F-75 na F-100. Mahali ambapo lita moja ya maziwa ni mali, kinachobaki kimeshika chini ya sufuria ni sehemu ya chakula ambayo haikumfikia aliyekusudiwa, tena mara nyingi ndiyo sehemu yenye protini na kalsiamu.

Ili kuelewa kinachotokea, tuanze na maziwa yenyewe. Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa takriban asilimia 87. Protini ni kama asilimia 3 na nusu hivi, nazo ni za makundi mawili. Kundi kubwa, karibu asilimia 80, ni kasini, ile protini inayoganda na kuwa jibini. Asilimia 20 zilizobaki ni protini za wei, yaani zile zinazobaki katika maji ya kijani-njano baada ya jibini kutolewa. Kasini ni ngumu kushinda moto: maziwa mabichi yasiyochacha yanaweza kustahimili nyuzi 140 za Selsiasi kwa dakika kadhaa kabla hayajaganda. Protini za wei hazina ustahimilivu huo. Iliyo nyingi kati yake, beta-laktoglobulini, imejikunja kama bonge la uzi, na sehemu zake zinazonata zimefichwa ndani. Joto likipita takriban nyuzi 70, bonge hilo hufumuka. Kinachojitokeza ni kundi la salfa lililo huru, ambalo hutafuta mara moja kitu cha kushikamana nacho: protini nyingine iliyofumuka, kasini iliyo jirani, au ukuta wa chuma uliokwisha kupata tabaka la kwanza la protini. Hapa ndipo ukoko unapoanza, na hapa pia ndipo pa kuuzuia.

Ushahidi kwamba mhusika mkuu ni protini za wei unaonekana vizuri katika utengenezaji wa jibini, na mfano wa karibu ni Masisi, Kivu Kaskazini. Kwenye nyanda hizo za juu, ambako baridi huzuia mbung'o na malisho ni mazuri, mapadri wa Kibelgiji walianzisha katika miaka ya 1970 jibini la aina ya Gouda ambalo hadi leo huuzwa Goma na kusafirishwa mbali. Mtengenezaji wa jibini la namna hiyo hupasha maziwa hadi nyuzi thelathini na kitu tu, huweka kigandishi, hukata ganda, kisha humwaga wei. Katika kazi yote hiyo chuma hakipati ukoko wa maana, ingawa kimejaa kasini hadi ukingoni. Lakini ukichukua ile wei iliyomwagwa, ambayo karibu haina kasini, ukaipasha moja kwa moja juu ya moto mkali hadi nyuzi 85 au 90, chini ya chombo hushika tabaka jeupe la ukaidi. Yaani chuma kilekile kinabaki safi penye kasini nyingi na joto dogo, kisha kinashikwa penye kasini kidogo na joto kubwa. Kama tatizo lingekuwa chuma au wingi wa protini, matokeo yasingekuwa hayo.

Protini hazifanyi kazi hiyo peke yake. Maziwa yana kalsiamu na fosfeti, na chumvi inayotokana na hizo mbili ina tabia isiyo ya kawaida: sukari na chumvi ya mezani huyeyuka vizuri zaidi maji yakipata joto, lakini fosfeti ya kalsiamu huyeyuka kidogo zaidi kadiri joto linavyopanda. Kwa hiyo mahali penye joto kuliko pote, yaani palipogusana na chuma, ndipo chumvi hiyo huachana na maji na kujipachika ukutani. Mtafiti Mwingereza H. Burton, katika mapitio yake ya mwaka 1968, aligawa ukoko wa maziwa katika aina mbili ambazo wataalamu wa viwanda wanazitumia mpaka sasa. Aina ya kwanza hutokea takriban kati ya nyuzi 75 na 110: ni nyeupe, laini, ina vitundu kama sponji, na protini huchukua asilimia 50 hadi 70 ya uzito wake mkavu. Aina ya pili hutokea juu ya nyuzi 110: ni ngumu, ya kijivu, na asilimia 70 hadi 80 yake ni madini. Jikoni hatufiki kwenye aina ya pili ndani ya maziwa yenyewe, kwa kuwa hayapiti kiwango cha kuchemka. Lakini chuma kilicho chini ya ukoko hufika, na hilo ndilo jambo linalosahaulika.

Hebu tufanye hesabu. Chukua sufuria yenye kipenyo cha sentimita 30, juu ya jiko la makaa linaloipatia kilowati 1.5 za joto. Eneo la chini la sufuria hiyo ni kama mita za mraba 0.07, kwa hiyo kila mita ya mraba inapitisha takriban kilowati 21. Chuma kikiwa safi na maziwa yakikorogwa vizuri, joto hilo husambaa na tofauti kati ya chuma na maziwa hubaki ya wastani. Sasa ukoko wa milimita 1 ujipachike. Ukoko wenye unyevu hupitisha joto vibaya kama maji yaliyotulia, takriban wati 0.5 kwa mita kwa kila uzi wa joto. Ili kilowati zilezile zipenye, lazima pawe na tofauti ya zaidi ya nyuzi 40 kati ya upande wa chuma na upande wa maziwa wa tabaka hilo jembamba. Maziwa yakiwa na nyuzi 80, chuma chini ya ukoko kiko juu ya nyuzi 120. Tabaka la ndani huungua, sukari ya maziwa na protini hugeuka hudhurungi, harufu ya moshi huingia chunguni mwote, na tabaka jipya linajenga juu ya la zamani. Ukoko unazaa joto linalozaa ukoko. Mpishi anayeanza kukoroga kwa nguvu wakati huo amechelewa, maana kukoroga kunasaidia kabla ya milimita ya kwanza, hakufanyi kazi sana baada yake.

Hapo ndipo mtu huuliza kuhusu chuma chenyewe. Si kweli kwamba viwandani hutumia chuma cha pua kisichopata kutu, kile kilichoanza Sheffield mwaka 1913 kwa kazi ya Harry Brearley? Si kweli kwamba chuma hicho husafishika kuliko alumini? Yote ni kweli, na bado hayajibu swali la kwa nini maziwa hushika. Chuma cha aina ya kawaida ya viwanda vya chakula, chenye kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8, hupitisha joto kwa takriban wati 16 kwa mita kwa kila uzi. Alumini hupitisha zaidi ya wati 200. Sufuria nyembamba ya chuma hicho ikiwekwa moja kwa moja juu ya makaa, joto halisambai kando. Linabaki palepale juu ya kaa linalowaka zaidi, na maziwa hushika kwa madoa ya duara yanayofuata ramani ya makaa. Alumini, kwa ubovu wake wote, husambaza joto na kupunguza madoa hayo. Kwa hiyo mtu aliyebadili sufuria ya alumini kwa ya chuma cha pua kwa matumaini kwamba maziwa yataacha kushika, anaweza kukuta yanashika zaidi. Ubora wa chuma hicho ni kwamba hakiliwi na asidi ya maziwa yaliyochacha wala na dawa za kuoshea. Huo ni ubora wa usafi na wa kudumu, usichanganywe na uwezo wa kuzuia ukoko.

Wapo watakaosema kwamba mipako ya kisasa isiyonata ndiyo jibu. Watafiti wamejaribu mengi: chuma kilichong'arishwa kwa umeme, mipako ya kaboni ngumu, mipako ya floropolima kama ile ya kikaango. Matokeo yanaelekea upande mmoja. Uso wa chuma una usemi katika tabaka la kwanza kabisa, yaani muda kabla ukoko haujaanza na urahisi wa kuung'oa baadaye. Tabaka la kwanza likishafunika uso, maziwa hayaoni tena chuma wala mpako. Yanaona maziwa mengine yaliyoiva. Kuanzia hapo kasi ya kujenga ukoko hutegemea joto na protini. Mpako una faida wakati wa kuosha, lakini juu ya moto wa makaa hukwaruzwa na mwiko na steelwool baada ya muda mfupi, na uso uliokwaruzwa una mikwaruzo inayohifadhi vipovu vya hewa. Vipovu navyo ni tatizo la pekee: pale kipovu kinaponing'inia ukutani, maziwa ya pembezoni hukauka na kuacha protini, na baadhi ya madoa ya kwanza ya ukoko huanzia hapo.

Ukitaka kujua wahandisi wa viwanda walilitatua vipi jambo hili, angalia mtambo wa sahani alioubuni Richard Seligman huko Uingereza mwaka 1923. Maziwa hupita kwa kasi katika nafasi nyembamba kati ya sahani za chuma, na upande wa pili wa sahani hupita maji ya moto. Chuma ni kilekile. Kilichobadilika ni kwamba maji ya moto huwa na joto la nyuzi chache tu juu ya maziwa, na maziwa yanakimbia, kwa hiyo hakuna tabaka lililotulia ukutani linaloiva peke yake. Viwanda vya maziwa vya Mbarara, Nairobi na Tanga vinategemea kanuni hiyo kila siku. Hata hivyo mitambo hiyo nayo hupata ukoko, hasa ile ya maziwa ya muda mrefu yanayopashwa hadi nyuzi 135 au zaidi, na ndiyo maana husimamishwa kila baada ya saa kadhaa ili kuoshwa. Tasnia yenye chuma bora kabisa duniani haijaushinda ukoko kwa chuma. Inauchelewesha kwa kupunguza pengo la joto, kisha inauosha. Jiko la hospitali au la shule lina sababu ya kuiga kanuni hiyo hata kama haliwezi kununua mtambo.

Kanuni hiyo jikoni ni ya gharama ndogo: sufuria mbili na maji katikati. Sufuria ya nje yenye maji huwekwa juu ya moto, na ya ndani yenye maziwa huwekwa ndani ya maji hayo juu ya vipande vya mawe au chuma ili isiguse chini. Ukuta unaogusa maziwa hauwezi tena kupita joto la maji yanayochemka. Kasongo iko mamia kadhaa ya mita juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka huko karibu na nyuzi 98. Chuma hakifiki nyuzi 120 hata mpishi akisahau, kwani maji yakichemka hubeba joto la ziada kwa mvuke badala ya kulisukuma kwenye maziwa. Utandu laini bado unaweza kujitokeza kwenye kuta, hasa maziwa yakifika juu ya nyuzi 80, lakini hauungui, haupati rangi, na huondoka kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa. Hapo vilevile ndipo aina ya chuma inapopata nafasi yake halali: alumini nje, ambako kusambaza joto kuna faida, na chuma cha pua ndani, ambako kuoshwa na kudumu kuna faida.

Pingamizi la kwanza na zito ni la usalama. Watu wamefundishwa kwamba maziwa lazima yachemke hadi yafurike, na fundisho hilo limeokoa maisha, maana maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe na ugonjwa wa bruselosi. Je, sufuria mbili hazitawapa watu maziwa yasiyoiva? Jibu linategemea kutofautisha joto la maziwa na joto la chuma. Vijidudu hivyo vya maradhi hufa kwa nyuzi 63 zikidumishwa dakika 30, au nyuzi 72 zikidumishwa sekunde 15, na maziwa ndani ya maji yanayochemka hupita viwango vyote viwili bila shida yakipewa muda. Tunachopunguza ni joto la ukuta, halafu tunayaacha maziwa yenyewe yafike yanapotakiwa kufika. Anayetaka uhakika anunue kipimajoto cha jikoni. Bila kipimajoto, aendelee hadi mvuke utoke wazi juu ya maziwa na malai yajikunje juu, kisha ahesabu dakika za ziada kabla ya kuyatoa. Ikumbukwe pia kwamba maziwa yanayofurika mara nyingi hupanda kwa povu kabla maziwa yote hayajafika joto moja, kwa hiyo kufurika si kipimo cha kuaminika kama inavyodhaniwa.

Pingamizi la pili ni la makaa. Kupasha maji kisha maziwa hutumia moto zaidi kuliko kupasha maziwa peke yake, na hilo ni kweli kabisa. Msitu wa kusini mwa Maniema haupaswi kulipia starehe ya mpishi. Ila hesabu hiyo haijakamilika ikiishia hapo. Maji ya sufuria ya nje yanabaki ya moto baada ya kazi, na jiko lolote la hospitali au la shule linayahitaji kwa kuosha vyombo na kuchanganya uji wa zamu inayofuata. Maji hayo yakifunikwa na kupashwa mara moja kwa zamu kadhaa, ongezeko la makaa kwa kila lita hupungua. Upande wa pili wa mizani kuna maziwa yaliyomwagwa kwa sababu yalinuka moshi, na sufuria iliyotumia maji, majivu na nusu saa ya mtu kusuguliwa. Maziwa yakiwa ya bei rahisi, hesabu inaweza kuegemea moto wa moja kwa moja. Yakiwa yametoka mbali kwa pikipiki na lori, huegemea sufuria mbili.

Sasa tuje kwenye maziwa ya unga, maana ndiyo yaliyo mengi. Wauzaji huyachukulia yote kuwa kitu kimoja, lakini viwandani hugawanywa kulingana na joto yaliyopitia kabla ya kukaushwa. Kipimo chake ni nitrojeni ya protini za wei ambazo hazijafumuka: unga wenye miligramu 6 au zaidi kwa gramu huitwa wa joto dogo, wenye 1.5 au chini huitwa wa joto kubwa, na wa katikati upo kati yao. Katika unga wa joto kubwa, beta-laktoglobulini ilishafumuka kiwandani ikajifunga kwenye kasini, hivyo haina tena hamu ya kushika ukuta. Ndiyo sababu unga wa mifuko miwili tofauti, uliokorogwa kwa kipimo kilekile na kupikwa kwenye sufuria ileile, unaweza kutoa ukoko tofauti, na lawama ikamwangukia mpishi wa zamu ya pili. Ipo tahadhari: maziwa ya unga yaliyorudishiwa mafuta na kupitishwa kwenye mitambo ya joto kali sana yamewahi kuonyesha kinyume katika majaribio, kwa kuwa matone ya mafuta hubeba protini hadi ukutani. Katika joto la jikoni, hata hivyo, protini iliyokwisha kufumuka mapema ndani ya maziwa huwa imeshapata mwenzi wa kushikana naye kabla ya kukutana na chuma.

Katika UNTI hoja hii inageuka kuwa suala la kipimo cha dawa. F-75 iliyotengenezwa tayari haipikwi. Hukorogwa kwenye maji yaliyochemshwa, na hapo ukoko hauna nafasi ikiwa maelekezo yamefuatwa. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 ulitoa pia njia ya kuitengeneza pale makopo yasipokuwepo: kwa lita moja, gramu 25 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 70 za sukari, gramu 35 za unga wa nafaka na gramu 27 za mafuta, vikapikwa taratibu kwa dakika chache, kisha madini na vitamini vikaongezwa baadaye. Mchanganyiko huo una protini gramu 9 tu kwa lita nzima, na wanga wa nafaka nao hushika chini pamoja na maziwa. Kila gramu iliyobaki kwenye sufuria imepunguza kipimo kilichokokotolewa kwa uzito wa mtoto. Katika mazingira hayo, kupika ndani ya maji kunalinda kipimo. Ni jambo la tiba kabla ya kuwa jambo la usafi.

Upya wa maziwa nao huingia katika hesabu. Maziwa mabichi mazuri huwa na pH ya takriban 6.6 hadi 6.8. Katika joto la Maniema, bila barafu, bakteria huanza kuyafanya kuwa machachu ndani ya saa chache, na pH ikishuka kidogo tu chini ya hapo, ukoko huongezeka sana kwa sababu hata kasini, iliyokuwa imara, huanza kuyumba na kujiunga na walioshika ukuta. Mnunuzi wa maziwa ya mbuzi au ya ng'ombe wachache walioko Kabambare afanye anachofanya msimamizi wa kituo cha kukusanya maziwa kokote Afrika Mashariki: achemshe kijiko kimoja kwanza, au achanganye kiasi kidogo na pombe kali ya kipimo, aone kama yanakatika. Maziwa yaliyokatika kwenye kijiko yatashika kwenye sufuria. Hayo hufaa zaidi kugandishwa kuliko kupashwa.

Kuhusu kuosha, watu wengi huamini kwamba ukoko mgumu unahitaji dawa kali zaidi. Viwandani hutumika kostiki soda, ileile ambayo watengenezaji wa sabuni ya mawese wanaijua vizuri, na utafiti wa usafishaji umeonyesha kwamba kiwango cha karibu asilimia 0.5 katika maji ya moto hufanya kazi bora kuliko kiwango kikubwa zaidi. Kikizidi, tabaka la juu la protini huvimba na kuwa kama mpira unaozuia dawa kupenya. Baada ya kostiki soda hufuata asidi, kwa kuwa sehemu ya madini ya ukoko haiyeyuki kwa soda hata ikioshwa mara kumi. Jikoni mtiririko uleule unawezekana: kulowesha kwa maji ya moto yenye lai ya majivu, kusuuza, kisha kupaka maji ya limau au siki kwa ajili ya madini. Onyo moja halina mjadala: kostiki soda na lai kali hula alumini, huifanya itoe gesi inayoweza kuwaka, na kuiachia uso wenye vishimo. Njia hiyo ni ya chuma cha pua pekee, na kostiki soda ishikwe na aliyevaa glavu na kulinda macho.

Pingamizi la mwisho ni la mtu anayeuliza kwa nini tujishughulishe na haya mahali ambapo maziwa ni machache. Uchache wenyewe ndio sababu. Panapokuwa na maziwa mengi, hasara ya asilimia ndogo hufunikwa na wingi. Panapokuwa na kidogo, hasara ileile hutoka kwenye kikombe cha mtu fulani. Tena kanuni hii haiishii kwenye maziwa ya mnyama. Protini za soya nazo hufumuka kwa joto, kundi moja karibu na nyuzi 75 na jingine karibu na 90, na kila anayechemsha maziwa ya soya juu ya moto wa wazi anajua jinsi yanavyoshika. Ufugaji ukipanuka siku moja kwa kudhibiti mbung'o, au soya ikichukua nafasi yake, mtengenezaji mdogo wa mtindi au wa maziwa ya soya wa Kasongo atakutana na ukoko uleule kwa sababu ileile.

Kwa hiyo mwenye fedha kidogo na jiko la kuhudumia ana mpangilio wa kufuata. Kwanza anunue kipimajoto, kwa sababu bila hicho kila hukumu juu ya ukoko ni ubashiri. Pili, sufuria ya nje ya alumini na kifuniko chake. Tatu, sufuria ya ndani ya chuma cha pua yenye ukubwa unaoacha nafasi ya maji pande zote. Mitambo ya sahani na mipako isubiri hadi maziwa yatakapokuwa mengi kiasi cha kuilipia gharama. Anayeanza na chuma na kuishia na kipimajoto amenunua vitu vilevile kwa mpangilio unaomwacha na ukoko wake, pamoja na mpishi anayelaumiwa kwa kosa la moto.